Mtoto wa lugha mbili anayekwama shuleni: mwalimu wa ziada yupi atamfaa?

Mzazi akinipigia simu, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, utamfundisha kwa lugha gani?" Nikishamjibu huuliza siku na saa, basi. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na watoto ninaokaa nao mezani baada ya masomo ni wale ambao darasani wameshaitwa wazito, wavivu au watundu. Swali la lugha ni la maana, na nitalijibu kwa kirefu. Lakini lipo jingine linalotangulia, na hilo ndilo linaloamua mtoto apelekwe kwa mwalimu wa aina gani: anakwama wapi hasa, na anakwama katika lugha moja au katika zote mbili?

Ulinganisho huu ni wa mzazi au mlezi ambaye ameshaona kwamba darasa peke yake halitoshi, ana majina ya walimu wawili watatu mkononi, na hajui amchukue yupi.

Anayepima kwa lugha moja na anayepima kwa mbili

Chukua mtoto anayeshindwa kusoma Kiingereza. Jioni huyo huyo anasimulia kwa Kiswahili kisa chenye mwanzo na mwisho, anatumwa vitu vitatu kwa mpigo na kuvileta vyote, anabishana na dada yake hoja kwa hoja. Mtoto wa namna hii mara nyingi hana tatizo la kujifunza. Anajifunza lugha ya pili, na lugha ya pili ina muda wake. Jim Cummins, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi na watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alieleza mwaka 1979 tofauti kati ya lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Ya maongezi mtoto huweza kuipata ndani ya takriban miaka 2. Ya masomo, ile ya kueleza sababu na kufuata maelezo marefu ya kitabuni, huchukua kama miaka 5 hadi 7. Hapo katikati mtoto anaongea vizuri uwanjani halafu anaanguka mtihani, na watu wazima wanashangaa.

Mwingine anakwama kote. Kwa Kiswahili hadithi yake inarukaruka, majina ya vitu yanampotea, ukimwambia neno jipya lenye silabi nne hawezi kulirudia. Kwa Kiingereza ni hivyo hivyo. Ulemavu wa ujifunzaji hauchagui lugha: ukiwepo, utauona katika zote mbili, ingawa sura yake inaweza kutofautiana.

Kwa hiyo mwalimu anayempima mtoto kwa lugha ya shule tu anapata nusu ya picha, na nusu hiyo inaweza kumgharimu mtoto miaka. Marekani walilipia kosa hili mahakamani. Katika kesi ya Diana, jimboni California mwaka 1970, watoto 9 wanaozungumza Kihispania walikuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili kutokana na vipimo vya Kiingereza. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao walionekana hawastahili kuwa humo kabisa. Leo sheria ya nchi hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoimudu. Tunaofundisha lugha mbili tunaikumbuka kesi ile, kwa sababu kosa hilo hutokea kimyakimya popote ambapo mtoto anaulizwa kwa lugha asiyoijua vizuri, kisha kimya chake kinahesabiwa kuwa ujinga.

Kupima kwa lugha mbili nako kuna ujuzi wake. Mambo mawili yanawaponyoka hata walimu wazuri.

La kwanza ni kasi. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua irabu tano na silabi zake, anaweza kulitamka karibu neno lolote. Ndiyo maana mtoto mwenye disleksia, yaani ulemavu wa ujifunzaji unaogusa kusoma na kuandika, anaweza kusoma aya ya Kiswahili bila kosa hata moja na bado awe na shida kubwa. Msikilize: "a-na-ye-tu-so-me-a". Kila silabi ni sahihi, ila zinatoka mojamoja kama anavuta ndoo kisimani, na akifika "-a" ya mwisho ameshasahau kwamba mwanzo ulikuwa "ana-". Muulize amesoma nini, atakuangalia tu. Kwa Kiingereza mtoto huyo huyo atakosea waziwazi, maana herufi "a" peke yake ina sauti tofauti katika "cat", "cake" na "ball". Mwalimu anayehesabu makosa tu ataandika kwamba Kiswahili ni kizuri na shida ni Kiingereza. Mwalimu anayeshika saa na kuuliza maswali ya ufahamu ataiona shida moja katika nguo mbili.

La pili ni namna watu wanavyoongea nyumbani kwa mtoto. Akisema "kitabu yangu", je, upatanisho wa ngeli unamshinda, au ndivyo familia nzima inavyosema? Kama mama, kaka na majirani wote wanasema hivyo, mtoto amejifunza vizuri kabisa lugha aliyoisikia. Ndiyo maana siku ya kwanza namwomba mzazi akae tuongee mtoto akiwepo. Nasikiliza Kiswahili cha nyumbani kabla sijahukumu cha mtoto.

Kuna mtoto aliyeletwa kwangu kwa madai kwamba hajui kusoma saa. Nilimwekea saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye 8, mrefu kwenye 12, nikamuuliza kwa Kiingereza. Akajibu bila kusita: "Two o'clock." Daftari lake lilikuwa na alama za kosa kwa majibu ya namna hiyo ukurasa mzima. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akasema saa mbili, na alikuwa sahihi. Alichokuwa akifanya ni kuisoma saa kwa Kiswahili kichwani, kisha kulitafsiri neno lenyewe, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kati ya hesabu hizo mbili za saa kuna tofauti ya saa sita. Tulichora saa moja yenye namba mbili-mbili, za Kiingereza ndani na za Kiswahili nje kwa rangi nyingine. Siku ya tatu hakuihitaji tena. Mwalimu wa lugha moja angeweza kumfundisha mtoto huyu mishale ya saa mwaka mzima.

Katika kipengele hiki, basi, sioni ulinganifu. Mwenye kupima kwa lugha mbili ni bora, hata kama baadaye atafundisha kwa moja. Ukimkosa, tafuta anayekubali kumpima mtoto akiwa pamoja na mtu mwingine anayeijua lugha ya nyumbani.

Na kabla ya mwalimu yeyote, masikio na macho. Mtoto anayeugua masikio mara kwa mara hupoteza sauti ndogo ndogo ambazo kusoma kunazitegemea, na hapo hakuna mbinu ya ufundishaji itakayoziba.

Lugha ya shule, lugha ya nyumbani, au zote

Utakutana na walimu wa aina tatu.

Wa kwanza anafundisha kwa lugha ya shule peke yake. Hoja yake ni kwamba mtihani uko katika lugha hiyo, na muda wa ziada ni mfupi, kwa nini tuupoteze? Hoja ina uzito kwa mtoto ambaye tayari anasoma vizuri na amepungukiwa msamiati tu, au kwa yule ambaye lugha ya shule ndiyo yenye nguvu kwake. Kwa mtoto anayeanza kusoma kwa shida, naipinga. Anabebeshwa vitu vitatu kwa wakati mmoja: herufi ngeni, neno geni na maana ngeni. Tena anakosa kipimo cha ndani. Akilisoma neno analolijua tangu utotoni na akalikosea, sikio lake linamwambia kuna kitu hakijakaa sawa, anajirekebisha. Neno asilowahi kulisikia hana namna ya kujua kama amelisoma au amelibuni.

Wa pili anaanza na lugha ya nyumbani mpaka mtoto asome, ndipo avuke. Kwa Kiswahili njia hii ina faida ambayo lugha nyingi hazina, kwa sababu ya ule unyoofu wa maandishi yake. Utafiti ulioongozwa na Philip Seymour na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya, ukakuta kwamba wanaojifunza kusoma kwa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda wanaohitaji wenzao wa lugha zenye maandishi manyoofu kupata msingi ule ule. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kwa unyoofu kiko upande wa hao wenzao. Mtoto ambaye miaka miwili ameona herufi kama maadui, akagundua kwamba "ma" na "ti" na "ta" zinaweza kupangwa zikawa maneno anayoyajua, anabadilika hata ukaaji wake kwenye kiti. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado linanigusa kila mara.

Ugumu wa njia hii ni subira. Darasa halimsubiri, na mzazi anaona wiki zinakwenda, Kiingereza cha mtoto kiko pale pale. Ugumu mwingine ni wa kimyakimya: walimu wengi wanachukulia kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili bila kuuliza. Katika familia nyingi Kiswahili ni lugha ya pili, na mtoto aliyelelewa na bibi yake anafikiri kwa lugha ya bibi. Mwalimu makini huuliza: akiumia analia kwa lugha gani? Akihesabu peke yake, anahesabu kwa lugha gani?

Wa tatu anatumia zote mbili. Hapa angalia sana, kwa sababu chini ya jina hili wamo watu wawili tofauti kabisa. Yupo anayesema sentensi kwa Kiingereza, akiona mtoto ameduwaa anairudia yote kwa Kiswahili, na anafanya hivyo saa nzima. Mtoto si mjinga. Baada ya siku tatu anaacha kusikiliza Kiingereza, anasubiri tafsiri. Na yupo anayepanga tangu mwanzo lugha ipi ifanye kazi ipi. Mfano mzuri ulitoka Wales, ambako mwalimu Cen Williams aliandika miaka ya 1990 juu ya madarasa ambamo wanafunzi wanasoma jambo kwa lugha moja na kulieleza kwa nyingine. Hapo mtoto hawezi kunakili. Lazima aelewe kwanza.

Katika kusoma, mpango huo unaanzia kwenye vinavyofanana. Sauti za "m", "s", "k", "sh" na "ch" anakuwa nazo tayari kutoka Kiswahili. Sipotezi siku kumfundisha "sh" ya "ship" kana kwamba ni mpya wakati anaisoma katika "shule" na "shoka"; namwonyesha tu kwamba ni ile ile. Nguvu naipeleka kwenye irabu, maana ndiko lugha hizi mbili zinakoachana, na ndiko mtoto wa Kiswahili anakoangukia.

Hesabu zinaonyesha vizuri zaidi kwa nini mwalimu wa lugha mbili awe na mpango, na nitakaa hapa kidogo. Kiswahili kinasema "kumi na tatu", yaani kumi, kisha tatu, kama inavyoandikwa: 13. Kiingereza kinataja tatu kwanza, na jina lenyewe linafanana kwa sauti na la 30. Mtoto mwenye shida ya namba anasikia tatu, anaandika 3, kisha anaweka 1 kulia kwake, imekuwa 31. Kwa hiyo makumi na mamoja, kuanzia 11 hadi 19, nayafundisha kwa Kiswahili hata kwa mtoto anayesoma hesabu kwa Kiingereza shuleni: bunda moja la vijiti kumi, vijiti vitatu pembeni, kumi na tatu. Lakini tukifika kwenye 40 mambo yanageuka. "Arobaini" haina "nne" ndani yake wala "themanini" haina "nane", wakati majina ya Kiingereza ya 40 na 80 yanamwonyesha mtoto nne na nane waziwazi. Hapo nahamia Kiingereza, namsikilizisha, kisha tunarudi kulisema la Kiswahili tukiwa tumeshika mabunda manane mkononi. Kila lugha inambeba mtoto mahali pake. Mwenye lugha moja hana pa kuhamia, na mwenye tafsiri ya ovyo hajui ahamie lini.

Uamuzi wangu, kwa hiyo, unafuata kile kipimo cha mwanzo. Aliyekwama katika lugha zote mbili aanze na lugha yenye nguvu zaidi kwake, mwalimu akiingiza ya pili kupitia vinavyofanana. Aliyekwama katika lugha ya shule tu anaweza kufundishwa kwa lugha hiyo, mradi mwalimu aweze kumweleza dhana ngumu kwa lugha anayoielewa. Na mtoto kiziwi asitolewe kwenye hesabu hii. Lugha ya alama ni lugha kamili, na kwake lugha mbili ni ya alama na ya maandishi. Mwalimu asiyejua alama hamfai, hata awe mahiri namna gani katika somo lake.

"Acheni Kiswahili nyumbani"

Ushauri huu bado unatolewa, tena na watu wanaoheshimiwa: mtoto ana shida, lugha mbili zinamchanganya, mbakizieni moja. Mwalimu akikuambia hivyo, mshukuru utafute mwingine. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye hali ya Down (Down syndrome) na wenye usonji (autism) zimeonyesha kwamba wanaweza kukua na lugha mbili, na kwamba lugha ya pili haiwarudishi nyuma kuliko wenzao wenye hali kama yao wanaotumia moja.

Najua mama mmoja aliyeufuata ushauri huo kwa utiifu wote. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache. Kwa mwaka mzima mwanawe mwenye usonji alisikia kutoka kwake "come", "sit", "eat", "no". Hadithi ziliisha, nyimbo za kumlaza ziliisha, ule utani wa kumwita majina ya wanyama uliisha. Alipokuja kwangu mtoto alikuwa anaongea kidogo kuliko zamani, kwa lugha yoyote. Jambo la kwanza nililomwandikia mama yule halikuwa zoezi la kusoma. Nilimwandikia: usiku wa leo mwimbie kama ulivyokuwa ukimwimbia.

Anayesaidia kazi za nyumbani na anayerudi kwenye pengo

Baada ya lugha, tofauti kubwa kati ya walimu wa ziada iko hapa, na ndipo wazazi wanapodanganyika zaidi.

Mwalimu wa kwanza anafungua begi, anatoa kazi ya leo, wanaifanya pamoja. Kesho daftari lina alama za pata kuanzia juu hadi chini. Mzazi anafurahi, darasani hakuna kesi, mtoto anaponea siku. Kwa mtoto aliyekosa shule wiki mbili kwa ugonjwa, huyu anatosha na zaidi. Kwa mtoto wa darasa la tano anayefanya mgawanyo mrefu bila kujua kwamba 1 katika 13 ni kumi, kila pata katika daftari hilo ni ya mwalimu. Mtoto alikuwa anashika kalamu tu.

Mwalimu wa pili anaiacha kazi ya leo kwenye begi, au anaipa dakika kumi za mwisho. Anashuka ngazi moja moja mpaka akute mahali ambapo mtoto anajibu bila wasiwasi, kisha anaanzia hapo kupanda. Kwa mtoto wa darasa la tano, ngazi hiyo inaweza kuwa ya darasa la pili. Inauma kuiona. Mzazi analipa, halafu anakuta mwanawe anafunga vijiti kwa uzi.

Kipindi changu cha dakika 40 na mtoto mwenye disleksia kinafanana siku zote, na kufanana huko ni kwa makusudi. Dakika za kwanza hatushiki kitabu: nasema neno, anapiga kofi kwa kila silabi, kisha namwambia aondoe moja. "Kaputula." Makofi manne. "Toa ka." "Putula." Halafu kadi za silabi alizozijua, kwa kasi. Kisha kitu kimoja kipya, kimoja tu, kwa mfano tofauti ya "ng" katika "ngoma" na "ng'" katika "ng'ombe". Anakiona, anakisikia, anakitamka akiwa ameshika koo lake kwa kidole, anakiandika kwa kidole kwenye mchanga uliomo katika sinia, ndipo anakiandika kwa kalamu. Baada ya hapo imla ya maneno matano, aya fupi ya kusoma, na mwisho namsomea mimi hadithi iliyo juu ya uwezo wake wa kusoma lakini ndani ya uwezo wake wa kuelewa. Utaratibu huu wa jicho, sikio na mkono kufanya kazi pamoja umekuwepo tangu miaka ya 1930, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walipouanzisha Marekani kwa watoto walioshindwa kusoma kwa njia za kawaida. Ile sehemu ya mwisho ya kumsomea sikubali ikatwe hata tukichelewa. Kusoma ni kutambua maneno na kuelewa lugha kwa pamoja, na mtoto asiyeweza kujisomea asinyimwe maneno makubwa na visa vizuri kwa sababu hiyo.

Maneno marefu ya Kiswahili nayo yanataka mbinu yake. "Hawakutuandikia" ni ukuta kwa mtoto anayesoma silabi moja moja. Tunaukata kwa penseli za rangi: "hawa", "ku", "tu", "andik", "ia". Akishazoea kwamba vipande hivyo vinarudi katika maneno mengine, anaanza kuviona kwa mkupuo. Mwalimu aliyejifunzia mbinu zake kwa Kiingereza peke yake hatafikiria kukata neno hivyo, maana maneno ya Kiingereza hayajengwi namna hii.

Ukinishika nichague kati ya hawa wawili kwa mtoto aliye nyuma kwa zaidi ya mwaka mmoja, namchagua wa pengo bila kusita, na namwomba mzazi azungumze na mwalimu wa darasa ili kazi za nyumbani zipunguzwe kwa muhula huo. Walimu wengi wa darasa hukubali wakielezwa sababu.

Nani kwa shida ipi

Mwalimu mzuri wa somo anatosha pale mtoto anapoelewa akielezwa polepole. Akielezwa mara kumi kwa namna moja na bado haishiki, anahitaji wa elimu maalumu, ambaye kazi yake ni kubadili namna. Mtoto ambaye maneno hayatoki, au hata mama yake hamwelewi, aonwe na mtaalamu wa lugha na matamshi kwanza. Mwalimu aje baadaye au waende pamoja. Wa elimu maalumu wa kweli atakuambia mwenyewe mahali kazi yake inapoishia. Ogopa anayekutajia jina la ulemavu wa ujifunzaji siku ya kwanza. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, unaotumiwa na wataalamu wengi, unataka shida ya kusoma au hesabu iwe imedumu angalau miezi 6 mtoto akiwa anasaidiwa ipasavyo, ndipo jina litolewe.

Peke yake au kikundi, ana kwa ana au kwa simu

Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayefundishwa peke yake anaweza kuwapita karibu 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Watafiti waliofuata walikuta faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida ipo. Kwa kusoma napendelea mmoja mmoja mwanzoni, kisha wawili. Wawili wanaolingana wanasomeana, na mtoto aliyeaibika kwa muda mrefu anapona haraka akimsikia mwenzake naye akikosea na kuendelea. Kikundi cha watoto sita ni darasa dogo tu.

Mtandaoni kunafaa kwa mtoto mkubwa anayeweza kukaa, na kunasaidia pale ambapo mwalimu anayejua lugha zenu mbili yuko mbali. Kwa mdogo wa miaka sita, au mwenye usonji ambaye skrini inammeza, mkono wa mwalimu juu ya kadi hauna mbadala. Kuhusu muda, dakika 30 mara tatu kwa wiki zinashinda dakika 90 za Jumamosi. Kumbukumbu ya mtoto huyu inavuja, na ndoo inayovuja hujazwa mara kwa mara.

Siku ya kumwona mwalimu

Mpeleke mtoto pamoja nawe na uangalie mwalimu anamsemesha nani. Muulize atampimaje, na kwa lugha zipi. Muulize wiki ya kwanza atafundisha nini; akikujibu papo hapo kabla hajamwona mtoto akisoma, ana somo moja kwa watoto wote. Muulize utafanya nini wewe nyumbani. Jibu zuri ni dogo na linawezekana: dakika kumi, kadi tano, hadithi moja kwa lugha yenu. Anayesema "niachie mimi" anakunyima kazi iliyo yako.

Halafu omba rekodi. Mimi siku ya kwanza namrekodi mtoto akisoma kwa dakika moja, mara moja kwa kila lugha, nahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, naandika tarehe. Wiki ya nne narudia kwa aya yenye ugumu ule ule, na wiki ya nane tena. Ikifika wiki ya nane na namba haijasogea katika lugha hata moja, mimi ndiye ninayetakiwa kubadili mbinu au kumkabidhi mtoto kwa mwingine, na mzazi ana haki ya kunidai hilo. Ikiwa imesogea, hata kutoka maneno 11 hadi 19, tunakaa watatu, mzazi, mtoto na mimi, tunazisikiliza rekodi kwa mfululizo, ya siku ya kwanza na ya wiki ya nane, na mtoto ndiye anayebonyeza kitufe.